Maji ya tangi yamekuwa rangi ya chai, mbona pH haishuki?

SWALI: Nina tangi la lita 100. Nimeweka gogo kavu nililonunua dukani, nikaambiwa litashusha pH (kipimo cha uasidi; ikishuka, asidi imezidi) ili nifuge tetra, samaki wapendao maji yenye asidi kidogo. Sasa maji yana rangi ya chai ya mkandaa, lakini kipimo bado kinasoma 8. Isitoshe, gogo limeota utando mweupe unaoteleza. Nilitoe?
Msomaji, Njiro, Arusha

JIBU: Liache. Rangi hiyo ni tanini inayotoka kwenye mbao, na haiwadhuru samaki. Ni asidi kweli, ila hafifu, na rangi haikuonyeshi pH imeshuka kiasi gani. Kinachoamua ni kiasi cha baikaboneti kilichomo kwenye maji, maana ndiyo inayomeza asidi kabla pH haijasogea. Maji ya ardhini kuzunguka Mlima Meru yana baikaboneti ya sodiamu kwa wingi. Wengi hupotoshwa na sabuni: inatoa povu vizuri, basi wanasema maji ni laini. Povu linaonyesha tu kwamba kalsiamu ni kidogo, si kwamba baikaboneti ni kidogo.

Kwa hiyo tafuta kipimo cha KH, yaani ugumu wa kaboneti, kinachoonyesha kiasi cha baikaboneti hiyo. Ikiwa juu ya digrii 6, hata ujaze magogo pH itasogea kidogo sana. Ikiwa chini ya 3, hapo ndipo pa kuogopa: pH inaweza kuporomoka bila taarifa.

Ukitaka kuishusha kweli, tumia maji ya mvua. Nusu kwa nusu na maji ya bomba, KH inabaki karibu nusu. Acha mvua ya mwanzo ioshe paa kwanza, na usikinge kwenye mabati mapya kwa sababu ya zinki. Badilisha lita 10 tu kwa wakati mmoja, kila baada ya siku mbili, huku ukipima. Kwa maoni yetu, hiyo ni kazi ya kudumu isiyo na sababu wakati samaki wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa wanapenda maji ya pH 8 na zaidi.

Utando ni bakteria na kuvu wanaokula sukari ya mbao. Sugua kwa brashi bila sabuni. Baada ya wiki chache huisha wenyewe. Ila gogo likinuka yai viza, au ukucha ukizama ndani yake, limeoza: litoe. Rangi ikikukera, badilisha robo ya maji kila wiki au weka kwenye filta mkaa maalumu wa kuchujia. Mkaa wa jikoni usiuweke.

SWALI: Tumeng'oa mibuni ya zamani. Kisiki chake kinafaa kwenye tangi?
Msomaji, Kibosho, Moshi

JIBU: Mbao yenyewe ni ngumu na inafaa. Tatizo ni dawa. Mibuni mingi imepuliziwa dawa za shaba, mrututu ukiwemo, kuzuia magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani. Shaba huua konokono na uduvi kwanza, kisha huwaumiza samaki, na kuchemsha hakuiondoi. Kama hujui historia ya shamba, kitumie kama kuni.

Kama una hakika hakikupuliziwa, kikaushe kabisa, bandua gome lote, kisha kichemshe saa mbili na kurudia kwa maji mapya mpaka rangi ipungue. Kisichoingia sufuriani kiloweke kwenye pipa wiki tatu au nne, ukibadilisha maji kila siku mbili. Kikiendelea kuelea, kifunge kwenye jiwe bapa kwa uzi wa kuvulia; waya wa chuma utaota kutu.

Msonobari na mkaratusi viache, vina utomvu na mafuta. Mnyaa usiusogeze kabisa, utomvu wake hutumika kulevya samaki mtoni. Kabla ya kukiingiza kisiki tangini, kiweke kwenye ndoo ya maji safi pamoja na konokono wachache kwa wiki moja. Wakipanda juu kukimbia maji, au wakifa, kitupe.