Jibu: Kukataliwa na UCLA hakukuzuii kuhamia huko baadaye

Habari za leo, ndugu. Nimeelewa kwamba UCLA (Chuo Kikuu cha California, Los Angeles) ilikukataa ulipomaliza sekondari, sasa unasoma chuo cha jamii (community college, chuo cha miaka miwili) hapo California, na unahofia kuwa jibu lile litakufuata ukiomba kuhamia. Halitakufuata, kwa sababu ombi la uhamisho hupimwa upya, hasa kwa masomo uliyoyafanya chuoni, na alama za SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, haziangaliwi.

Kwanza kabisa fungua ASSIST, tovuti inayoonyesha masomo ya vyuo vya jamii yanayokubaliwa na vyuo vikuu vya umma vya California, uchague chuo chako na fani unayoitaka, uone ni masomo yapi yanatambuliwa kuwa maandalizi ya fani hiyo; baadhi ya wenzangu walikuwa na wastani mzuri sana wa alama (GPA), ila hawakuwa wamesoma somo moja la hisabati lililotakiwa. Utahitaji pia yuniti 60 za semista (vipimo vya uzito wa masomo) zinazohamishika. Wastani wa 2.4 kati ya 4.0 unaotajwa kwa wakazi wa California ni kiwango cha chini tu, na kwa UCLA nisingeutegemea hata kidogo.

Vyuo sita vya UC (mfumo wa Chuo Kikuu cha California, ambao UCLA ni sehemu yake), vikiwemo Davis na Irvine, hutoa mpango wa TAG (Transfer Admission Guarantee), unaomhakikishia nafasi anayetimiza masharti. Fomu yake huwasilishwa Septemba, kwa chuo kimoja tu. UCLA, Berkeley na San Diego havimo. Mimi nilijiwekea akiba hiyo Davis, kisha nikaomba UCLA kwa njia ya kawaida. Januari utatakiwa kujaza taarifa mpya ya alama zako, kwa hiyo fuatilia baruapepe.