Msumari wa Paja Katika Sanduku la Marehemu Baba

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, marehemu baba alikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji hapa Mwanza tangu miaka ya 1970. Ametuachia sanduku la bati lenye msumeno, patasi, koleo na msumari mrefu wenye mfereji upande mmoja, vyote vikiwa vimeshika kutu. Mnunuzi wa vyuma chakavu anavitaka kwa kilo. Je, vina thamani, na nivisafisheje?
Msomaji, Nyakato

JIBU: Pole kwa kuondokewa na mzazi, ndugu msomaji, na tafadhali usimruhusu mnunuzi huyo kuweka mizani yake. Kwa maelezo yako, msumari huo unafanana na ule wa daktari Mjerumani Gerhard Küntscher, ambaye mwaka 1939 alianza kuupitisha ndani ya uwazi wa mfupa wa paja, ili mgonjwa asilazwe miezi kadhaa mguu ukivutwa kwa vyuma vya uzito. Mfereji ulioutaja ndio siri yake: msumari ulibonyea kidogo ulipokuwa ukigongwa, kisha ukatanuka na kuushika mfupa kwa ndani.

Msumeno utazame mpini. Kabla ya daktari mpasuaji Mwingereza Joseph Lister kueneza, kuanzia mwaka 1867, matumizi ya dawa za kuua vijidudu, wapasuaji walipenda mipini ya mti mweusi au pembe ya ndovu yenye nakshi. Vifaa vilipoanza kuchemshwa, mti ulipasuka na nakshi zikaficha uchafu, ndipo mipini ikawa chuma kitupu. Wa baba yako yamkini ni wa namna hiyo.

Kwa hiyo msasa, stilwaya na ndimu viweke mbali, maana huondoa kutu pamoja na jina la kiwanda, ambalo mara nyingi huchongwa karibu na kiungo cha koleo. Vaa glavu, ondoa vumbi kwa brashi laini, futa kutu ya juu kwa kitambaa chenye tone la mafuta ya cherehani, kisha funga kila kifaa kwa kitambaa safi cha pamba. Usitumie magazeti (hata kurasa zetu hizi), kwa sababu karatasi yake ina tindikali, na kwa unyevu wa ziwa letu kutu itarudi upesi.

Mtafute pia muuguzi aliyefanya kazi na baba, akueleze kila kifaa kilishikwaje, na uandike maneno yake kama anavyoyasema.

Jambo moja hukuuliza: vilifikaje nyumbani? Vikiwa na alama ya hospitali, muone kwanza mganga mfawidhi, kwa kuwa mali ya umma, hata iliyochakaa, hufutwa katika orodha ya mali kwa utaratibu. Akiridhia, sisi tungeiandikia Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, Kisesa, ambako vifaa vya waganga wa jadi tayari vinatunzwa. Mabanzi ya waunga mifupa na msumari wa Küntscher vingependeza katika kabati moja. Barua iambatane na picha ya kila kifaa, rula ikiwa pembeni.