Maswali na majibu: CPS 20 maana yake nini, na kwa nini kinyama kipimwe kwanza

Wiki hizi barua nyingi zina namba kutoka maabara. Nimechagua zile zinazowahusu wengi, hasa wenye saratani za mdomo, koo na shingo.

Musawo (daktari), baba ana saratani ya ulimi. Ripoti imeandikwa PD-L1, CPS 20. Imeenea asilimia 20? Tukiuza kiwanja tumpeleke India akapate tiba ya kinga, atapona? – Msomaji, Bombo

CPS haipimi saratani imeenea kiasi gani. Chembe za kinga zina breki iitwayo PD-1, na saratani huikanyaga kwa protini ya PD-L1. Mwanapatholojia hukitia rangi kinyama alichokatwa baba, akahesabu kwa hadubini chembe zote zilizoshika rangi, za saratani na za kinga pamoja, akagawa kwa idadi ya chembe hai za saratani, kisha akazidisha kwa 100. Hiyo ndiyo 20 yenu.

Namba kubwa ina nafuu yake, kwa sababu dawa ya pembrolizumabu, ambayo ni tiba ya kinga mnayoiulizia, huwafaa zaidi wenye CPS ya juu. Katika utafiti wa KEYNOTE-048, uliochapishwa 2019, wenye CPS ya 20 na zaidi waliopewa dawa hiyo peke yake, nusu yao waliishi zaidi ya miezi 14.9. Kwa waliopewa kemo na dawa nyingine iitwayo setuksimabu ilikuwa miezi 10.7. Angalia vizuri: tunahesabu miezi. Na hao walikuwa watu ambao saratani imewarudia au imesambaa, haikatiki tena.

Hukuniambia baba yuko hatua gani, na hilo ndilo la kwanza. Kama ugonjwa bado uko ulimini na shingoni, kinachoponya ni kisu, halafu mionzi. Ni kweli Marekani iliruhusu Juni 2025 pembrolizumabu itolewe kabla na baada ya upasuaji kwa wenye CPS kuanzia 1. Lakini hapo dawa imeongezwa juu ya upasuaji, haikuchukua nafasi yake. Kuiongeza kwenye mionzi na kemo bila upasuaji kulijaribiwa katika utafiti mkubwa na hakukuonyesha faida ya kuaminika.

Msiuze kiwanja bado. Nendeni Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Mulago na ripoti yenu, muulize: inakatika au haikatiki? Nimeona familia zikichangishana nauli ya ndege mpaka uvimbe uliokuwa unakatika ukaingia kwenye taya, mgonjwa hawezi tena kufungua mdomo apitishe kijiko.

Nitumie dawa gani ya kuongeza kinga wakati wa kemo? – Msomaji, Jinja

Hakuna. Swali hili linakuja kila mara na jibu ni lilelile. Sisplatini, moja ya dawa za kemo, inapita kwenye figo zako. Ukiziongezea mitishamba ya chupa isiyojulikana ina nini, unaziua.

Mke wangu ana uvimbe chini ya sikio. Huu mwezi wa nne anameza dawa za TB ya tezi, haupungui. Tuendelee? – Msomaji, Mbale

Nani aliipima hiyo TB? Barua yako haisemi alichomwa sindano wala kukatwa kinyama, na barua za namna hii ni nyingi mno, inaniuma. TB ya tezi ipo Uganda, sikatai. Lakini uvimbe wa shingo wa mtu mzima uliopita wiki tatu lazima uchomwe sindano nyembamba na chembe zake zitazamwe, na daktari wa masikio, pua na koo achungulie mdomo, koo na nyuma ya pua kwa kamera.

Muulize mkeo: sikio la upande huohuo limeziba? Makohozi ya asubuhi yana damu? Anaona vitu viwiliviwili? Akisema ndiyo, ninahofia saratani ya nyuma ya pua, ambayo mara nyingi huandamana na virusi vya Epstein-Barr. Virusi hivyo viligunduliwa London mwaka 1964 katika chembe za uvimbe wa mtoto wa Uganda, kutokana na sampuli ambazo Denis Burkitt alizituma kutoka Kampala. Leo kiasi cha vinasaba vyake katika damu husaidia kuonyesha kama tiba ya saratani hiyo imefanikiwa. Ujuzi huo chanzo chake ni hapa kwetu, na bado watu wetu wanamezeshwa vidonge kwa kubahatisha! Ikikamatwa mapema, saratani hiyo inasikia mionzi vizuri sana. Mpeleke wiki hii. Dawa za TB asiache mpaka daktari aseme.

Mume wangu ana saratani ya findo la koo. Ripoti inasema p16 chanya, yaani HPV. Ametoka nje ya ndoa? – Mama wawili, Kampala

Dada yangu, ripoti hiyo haiwezi kukuambia hilo. HPV ni virusi vinavyoambukizwa kwa kujamiiana, na p16 ni protini inayoashiria kuwapo kwake. Virusi hivyo huwapata watu wengi sana katika maisha yao, na vinaweza kukaa miaka mingi kabla ya saratani kuonekana. Huenda alivipata kabla hamjafahamiana. Usimpe mgonjwa kesi juu ya ugonjwa.

Kwa findo na shina la ulimi, p16 chanya ni dalili nzuri. Utafiti wa Marekani wa 2010 ulikuta baada ya miaka 3 wenye HPV waliokuwa hai ni asilimia 82.4, wasio nayo 57.1. Sigara inaila faida hiyo, kwa hiyo aache leo. Wala asikubali kupunguziwa tiba: tafiti mbili zilizochapishwa 2018 zilibadilisha sisplatini kwa setuksimabu kwa wagonjwa wa aina hii, na waliobadilishiwa walikufa zaidi.

Binti akifika miaka 10, apate chanjo ya HPV. Serikali inaitoa nchi nzima tangu 2015.

Mwanangu amegawa neutrofili kwa limfosaiti kwenye CBC yangu, akapata 6. Anasema nitakufa mapema. Nina saratani ya zoloto. – Mzee, Arua

Shikamoo mzee. Neutrofili na limfosaiti ni aina mbili za chembe nyeupe za damu, zinazohesabiwa katika kipimo cha damu cha CBC. Ni kweli kwamba kwa wastani, makundi ya wagonjwa wenye uwiano mkubwa huishi muda mfupi zaidi. Lakini jino lililooza, nimonia au dawa ya deksamethasoni pia huupandisha, na hakuna daktari atakayebadilisha tiba yako kwa namba hiyo peke yake. Mwambie kijana akupime uzito kila wiki na auandike. Ukishuka mfululizo, wauguzi wajue mara moja.

Nina VVU. Nitakubaliwa mionzi? – Msomaji, Busia

Ndiyo. Usiache ARV hata siku moja, na uwaonyeshe dawa zote unazomeza.

Niko wiki ya nne ya mionzi, mdomo umejaa vidonda. Nataka siku tatu niende msibani Gulu. – Msomaji, Kampala

Pole sana kwa msiba, lakini usiende. Kadiri wiki zinavyosogea, chembe za saratani zilizobaki huzaliana upesi zaidi, na kila siku ya kuchelewa hupunguza uwezekano wa kuudhibiti uvimbe kwa takriban asilimia 1. Mashine ya kobalti ya Mulago ilipokufa 2016, wagonjwa walikaa bila mionzi nchini mpaka mpya ilipozinduliwa Januari 2018. Wewe unayo, itumie. Vidonda vina dawa ya maumivu na ya kusukutua. Waombe kesho kabla hujalala mezani. Na kama umeshakosa siku yoyote, waambie, maana wanaweza kuifidia kwa kukupa mionzi mara mbili kwa siku moja, mradi wajue mapema.