Je, Kifaa cha Springi Kitaimarisha Kidole cha Nne?

Swali: Huu ni mwaka wangu wa tatu wa kujifunza piano. Hufanya mazoezi kwa saa nne mfululizo kila siku, lakini kidole cha nne (cha pete) cha mkono wa kulia bado ni kizito, na jioni mkono huo huniuma hadi karibu na kiwiko. Mwanafunzi mwenzangu ananishauri ninunue kifaa chenye springi cha kuimarisha vidole, na anasema maumivu hayo yanaonyesha kwamba misuli inajengeka. Nikinunue?

Jibu: Usikinunue, na kwanza upumzishe mkono huo. Maumivu yakiendelea baada ya siku chache, au ukihisi ganzi vidoleni, nenda kwa daktari kabla ya kurudi kwenye piano.

Maneno ya mwenzako nimeyasikia kutoka kwa wanafunzi wengi mno, na kila mara hunikera, kwa kuwa yamejengwa juu ya msuli usiokuwepo. Ndani ya vidole hamna misuli ya kuvikunja wala kuvinyoosha. Misuli hiyo imo katika kigasha, yaani sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kifundo, pamoja na mingine midogo iliyo kiganjani, na nguvu yake hufika vidoleni kupitia kano, zile nyuzi ngumu zinazounganisha misuli na mifupa. Ndiyo sababu unaumia karibu na kiwiko ilhali unakilaumu kidole. Kidole cha nne nacho huonekana kizito kwa sababu kano yake ya kunyooshea imeunganishwa, mgongoni mwa kiganja, na kano za vidole jirani, na hakuna springi itakayozitenganisha. Wapiga piano stadi wana kano hizo hizo. Walichojifunza ni kuzungusha kigasha kidogo ili uzito wa mkono ukifuate kidole kinachobonyeza.

Vifaa hivi si vipya. Robert Schumann, mtunzi wa muziki Mjerumani, alijaribu kimojawapo alipokuwa kijana, na mwanzoni mwa miaka ya 1830 mkono wake wa kulia ulidhoofika hata akaacha ndoto ya kuwa mpiga piano wa jukwaani. Chanzo cha ulemavu huo kingali kinabishaniwa, lakini ni wazi kwamba kifaa hakikumwokoa.

Kuhusu saa nne mfululizo, nashuku umesikia ile habari kwamba ustadi hupatikana kwa saa 10,000 za mazoezi. Idadi hiyo ilitokana na utafiti wa mwanasaikolojia Anders Ericsson na wenzake, uliochapishwa mwaka 1993, kuhusu wanafunzi wa fidla mjini Berlin. Ilikuwa wastani tu, na wanaoitangaza kama kanuni husahau kusema kwamba wanafunzi bora katika utafiti huo waligawa mazoezi yao katika vipindi, wakapumzika katikati, na hata kulala mchana. Mkono utakapopona, anza na dakika 20, pumzika, kisha urudi. Chagua vipimo viwili au vitatu (visehemu vya muziki vinavyotengwa kwa mistari ya wima kwenye noti) vinavyokushinda na uvipige polepole kiasi cha kutokosea, badala ya kurudia kipande chote tangu mwanzo na kuuzoesha mkono makosa yale yale.

Wauzaji wa njia za mkato hawatakwisha, na baadhi yao, kwa bahati mbaya, hujiita walimu. Anayekusikia ukisema unaumwa kisha akakuagiza uongeze saa moja, mwombe kwanza akuonyeshe huo msuli wa kidole anaotaka kuujenga.