Mbayuwayu wa Mabayani: wahamaji au wahamiaji?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mwezi wa tatu tulikwenda Bwawa la Mabayani na wanafunzi, tukakuta mbayuwayu wamejipanga kwenye waya wa umeme kama shanga. Mmoja akaandika "ndege wahamiaji wa majira ya kuchipua". Mwenzangu anasema ni "wahamaji". Nani yuko sahihi? – Msomaji, Pongwe, Tanga

JIBU: Marahaba. Niko upande wa mwenzako, ingawa magazeti yataendelea na "wahamiaji" hata nikipiga kelele. Mambo yote yako kwenye ile -i-. Kuhama ni kutoka ulipo. Kuhamia ni kwenda kukaa pengine, na kitenzi hiki hakitulii mpaka kitajiwe mahali: kahamia Chumbageni, wamehamia Raskazone. Sasa mbayuwayu huyu mwenye koo la rangi ya kutu na mkia wa panda hutaga Ulaya na Asia. Kwetu hajengi kiota. Anakula wadudu, anakunywa kwa kuchota maji na mdomo huku anaruka, kisha huyo, kaondoka. Mabaharia wa Arabuni nao walikuja na upepo wa kaskazi, wakarudi na wa kusi. Hakuna aliyesema "wamehamia Tanga", labda kwa yule aliyeoa akaweka nyumba.

"Wahamaji" nalo lina doa lake: wengi wakilisikia wanamwona mfugaji na ng'ombe wake. Likikukwaza, andika "ndege wahamao".

Kosa zito zaidi kwangu ni hayo "majira ya kuchipua". Hayo ni ya huko waendako, kwenye miti iliyopukutika ikaanza kutoa majani upya. Machi ya Tanga haina kitu cha namna hiyo: kaskazi inakatika, joto linabana, mawingu ya masika yanajikusanya upande wa Amani. Maneno tunayo, tena ya wazee wa pwani, tuyatumie. Na wakionekana tena kuanzia Septemba, sema "wamerudi", si "wamehamia".

La kupitia tu: umeandika "wamejipanga", vizuri. Ndege wa mbawa za manyoya huchukua wa-; "zimejipanga" ziachie eropleni za uwanjani.

Sentensi ya mwanafunzi ningeiandika hivi: "Kaskazi ilipokuwa inaisha, tuliwaona mbayuwayu Mabayani wakijiandaa kuhama."