Ziwa linapogeuka tindikali: mmeuliza, nimejibu

Ziwa letu zamani lilikuwa na maji ya rangi ya chai. Siku hizi ukiwa ndani ya mtumbwi unahesabu mawe ya chini. Si ndiyo limesafika?

Huenda limesafika, huenda linakufa. Maji yakizidi kuwa na tindikali, ile rangi ya kahawia inayotokana na majani na mizizi iliyooza hushikana na alumini ikazama, na mwanga ukapenya hadi chini. Kabla hujashangilia, pindua mawe ya ufukweni. Ukikosa konokono hata mmoja, na mawe yenyewe yamevaa utando wa kijani unaoteleza kama nywele zilizolowa, mtafute mwenye kipimo cha pH, namba ya tindikali: ikishuka, tindikali imepanda. Macho hayapimi tindikali.

Asidi inatoka wapi, ilhali hakuna kiwanda karibu nasi?

Inakuja na upepo. Makaa ya mawe yakichomwa, au madini yenye salfa yakiyeyushwa, moshi hubeba gesi ya salfa dayoksaidi. Magari na mitambo ya umeme huongeza oksidi za naitrojeni. Zikikutana na unyevu angani huwa asidi, na asidi hiyo inaweza kunyesha mamia ya kilomita kutoka zilikotokea. Mwanasayansi wa Sweden, Svante Odén, ndiye aliyeufungua umma masikio kuhusu jambo hili mwaka 1967. Huko Sudbury, Kanada, mwaka 1972 wenye kiwanda cha nikeli walisimamisha bomba la moshi la mita 381. Hewa ya mji ilipata nafuu kweli. Moshi ukaenda kuwanyeshea wengine.

Mvua isiyochafuliwa huwa na pH ya 5.6 hivi. Ikishuka hadi 4.6 usiseme ni kidogo: kila namba moja ni tindikali mara 10.

Maziwa mawili yamepakana na mvua ni ileile. Mbona moja limeharibika na lingine zima?

Tazama mwamba. Ziwa lililokaa juu ya mawe ya chokaa lina bikaboneti tele, na asidi ikiingia inazimwa palepale. Lililokaa juu ya granaiti lina akiba ndogo. Tatizo ni kwamba akiba hiyo huliwa kimyakimya: pH haiyumbi sana miaka na miaka, kwa kuwa kinachopungua kwanza ni uwezo wa maji kuzima asidi. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Siku buyu likikauka, pH huporomoka. Ndiyo maana mtu akiniambia "tumepima pH, iko sawa", huwa namuuliza: na huo uwezo je, mmeupima?

Samaki wanauawa na asidi yenyewe?

Mara nyingi asidi ina mshirika. Asidi ikipita kwenye udongo hung'oa alumini na kuishusha ziwani. Alumini ikigusa matamvua, samaki hutoa ute mwingi. Ute ule unamziba, huku chumvi za mwili wake zikivuja. Anakufa kwa kukosa pumzi katika maji yenye hewa ya kutosha.

Lakini kuna kifo cha polepole zaidi, na hicho ndicho kinachonitisha. Katika Ziwa 223, ziwa la majaribio huko Ontario, Kanada, mwanaikolojia David Schindler na wenzake walimwaga asidi ya salfuriki makusudi kuanzia mwaka 1976, wakaishusha pH kutoka 6.8 hadi karibu 5 ilipofika 1981. Trauti wakubwa, samaki walao wenzao, hawakuelea wamekufa kama wengi wanavyodhani. pH ilipopita chini kidogo ya 6, waliotoweka kwanza ni kamba wadogo na samaki wadogo, yaani chakula chao. Trauti wakakonda hadi wakabaki kichwa na uti wa mgongo. Chini ya 5.4 hakuna aina yoyote ya samaki iliyozaa tena. Wakati wote huo mwani uliendelea kuzalisha chakula kama kawaida. Aliyekuwa akiupima mwani peke yake angeandika kwenye daftari kwamba ziwa ni zima.

Tunaweza kuyaoga na kuyanywa?

Kuoga, ogeni. pH ya 5 ni tindikali hafifu kuliko maji ya chungwa. Kwenye kunywa, wasiwasi wangu uko kwenye mabomba: maji ya aina hii yakilala humo usiku kucha hula metali za mabomba hayo, shaba na risasi. Ukiona madoa ya kijani yenye ubluu kwenye sinki, hiyo ni shaba. Kuchemsha hakuondoi metali. Na samaki wakubwa wanaokula wenzao katika ziwa kama hilo hukusanya zebaki nyingi zaidi, hivyo wajawazito na watoto wasiwale kabla hawajapimwa.

Tukimwaga chokaa, si tumemaliza?

Sweden wamefanya hivyo katika maelfu ya maziwa tangu miaka ya 1970. pH hupanda, samaki hurudi, kisha baada ya muda inabidi umwage tena. Dawa ni kuizuia salfa huko huko kwenye moshi, na Ulaya na Amerika Kaskazini zimeipunguza sana. Hata hivyo, udongo ulioporwa na asidi kalisi yake, yale madini yaliyomo kwenye chokaa, haurudishiwi kwa msimu mmoja. Katika baadhi ya maziwa ya Kanada yenye kalisi haba, dafnia, vijidudu vinavyoihitaji kwa ajili ya gamba, vimepungua, na nafasi yao imechukuliwa na Holopedium, kijidudu kilichojifunika ute kama jeli. Ute huo huziba machujio ya maji.

Na wewe msomaji wa kwanza: mvua ikipungua asidi, udongo huanza kuachia tena ule uozo na rangi ya chai hurudi. Imeshaonekana Ulaya Kaskazini na Amerika Kaskazini. Ukiiona, usiniandikie kwamba ziwa limechafuka, labda kama unaendesha mtambo wa maji ya kunywa, maana rangi ile hula klorini.