Ukienda misheni nje ya nchi, chunga ushuhuda wa kurudi nao

Juzi binti mmoja wa mwaka wa pili chuoni kaniandikia: "Shikamoo kaka. Kanisa letu linatupeleka Uganda Desemba kuhudumia wakimbizi. Nibebe nini?" Marahaba, mdogo wangu. Nilitaka kukujibu kwa mistari miwili, lakini umenishika penye kidonda.

Mwaka niliokwenda mimi tulikuwa vijana 14 kutoka Mwanza, wote wanafunzi. Tulichangisha miezi minne: bahasha, mnada wa keki baada ya ibada, kuosha magari ya wazee wa kanisa. Safari yenyewe siisimulii. Bukoba, Mutukula, Masaka, Mbarara, vumbi, tumefika. Chanja homa ya manjano mapema, na kadi ya njano ikae mfukoni, siyo kwenye begi lililo chini ya basi. Kiongozi wenu naye ahakikishe kibali cha kuingia kwenye makazi kimetoka Ofisi ya Waziri Mkuu wa Uganda, maana ndiyo inayosimamia wakimbizi kule. Cha kwetu kilichelewa, tukakaa gesti Mbarara siku mbili tunaimba mapambio na kula chapati za mayai.

Nakivale tulikokwenda, wilayani Isingiro, ni makazi ya wakimbizi ya tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, walipoanza kufika Wanyarwanda. Uganda huwapa wakimbizi viwanja vya kujenga na kulima. Mimi nilitarajia mahema. Nikakuta mahindi, maduka ya Wasomali, bodaboda, kinyozi mwenye foleni. Makanisa usiseme. Tulikwenda kupeleka Injili mahali ambapo alfajiri ya kwanza tuliamshwa na spika za makanisa matatu kwa mpigo.

Nilipangiwa somo la kunawa mikono. Tuliambiwa Uganda Kiswahili hakipandi, basi nikaandaa chati kwa Kiingereza, na mkalimani juu. Dakika mbili tu, mama mmoja wa mstari wa mbele akanyoosha mkono: "Mwalimu, sema tu Kiswahili, sisi ni ba Congo." Watu wakacheka, nami nikacheka kwa aibu, nikaendelea kuwafundisha sabuni na maji tiririka. Jioni ndipo nikaambiwa yule mama alikuwa muuguzi Uvira kabla ya kukimbia vita. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akapiga makofi.

Ndiye aliyetukaribisha kwake, mimi na wenzangu wawili. Kisamvu wao wanakiita sombe, na cha kwake kilikuwa na mawese, sijala kingine kama kile. Siku ya kuaga nikamwona nyuma ya nyumba anamkamata jogoo. Uani mle sikuwahi kuona kuku mwingine. Firigisi akaniwekea mimi, "mwalimu".

Sasa sikia nilichofanya. Jumapili ya kwanza nyumbani nikapewa dakika kumi za ushuhuda. Nikashika maiki, nikalia kidogo, nikasema: "Wapendwa, watu wale hawana chochote." Nilisema hivyo mara tatu. Kapu la sadaka likapita, likajaa. Mtu akarekodi, kipande kikasambaa kwenye makundi ya WhatsApp, kikavuka mpaka.

Baada ya wiki mbili ukaingia ujumbe kutoka namba ya kijana wa yule mama: "Mutoto yangu, ile kuku ulikula ilikuwa ya nani?"

Basi. Hakuongeza neno.

Nilimwonyesha kiongozi wetu, nikaomba nirudi mbele nisahihishe. Akaniambia kwenye kikao, mbele ya wenzangu, kwamba nina kiburi cha kielimu na nataka kuharibu mchango. Miaka imepita, nikimwona bado kifua kinabana. Namwombea, lakini kinabana.

Kwa hiyo, mdogo wangu, unaniuliza ubebe nini. Beba daftari, na kila siku andika jambo moja ulilopewa, siyo ulilotoa. Ulipewa maji ya kuoga? Andika. Ulisahihishwa? Andika. Ukirudi, soma daftari hilo madhabahuni. Usipige picha ya mtoto bila kumwomba mzazi wake. Nguo zilizochakaa ziache nyumbani. Na uandike ulichopewa, narudia, andika ulichopewa! Vijana wa kanisa tunapenda sana kuwa mtoaji ndani ya hadithi, na Bwana wetu mwenyewe aliomba maji kwa mwanamke Msamaria kisimani.

Jambo jingine, hata kama halitawapendeza viongozi wenu. Kambi ya Nyarugusu iko Kasulu, hapa hapa kwetu, ina wakimbizi wa Congo tangu 1996. Katika sisi 14 hakuna aliyewahi kufika. Bango la "Misheni Uganda" lilichangisha haraka, "Misheni Kasulu" nani angeosha magari kwa ajili yake? Waulize wameamuaje. Uliza kwa adabu, lakini uliza, na ukiambiwa una kiburi tutakuwa wawili.

Yule mama nilimwomba radhi kwa simu. Alicheka, akauliza kama nimeoa. Mwaka jana nikampelekea hela ya jogoo kupitia kijana wake. Akanunua wawili, akanitumia picha, na mmoja kampa jina "Mwalimu". Mpaka leo sijui kama ananisifu au ananicheka.